Mirathi ya akina de Clare: tuilaumu sheria au shemeji?

Tarehe 24 Juni 1314, Gilbert de Clare, Erli (kabaila wa cheo cha juu) wa Gloucester kule Uingereza, aliuawa katika vita vya Bannockburn huko Uskoti. Alikuwa na miaka 23 na hakuacha mtoto. Aliacha ardhi: Clare kule Suffolk, Tonbridge kule Kent, Glamorgan na Usk kule Wales, na ng'ambo ya bahari Kilkenny nchini Ireland. Pato lake kwa mwaka lilikadiriwa kupita pauni 6,000, utajiri ambao makabaila wachache mno wa Uingereza waliufikia.

Sheria ya Kiingereza ilimpa kifungua mimba wa kiume kila kitu. Pasipo mwana, mabinti waligawana sawasawa. Basi warithi wakawa dada zake watatu: Eleanor, Margaret na Elizabeth. Lakini mjane Maud akasema ana mimba, na ugawaji ukasubiri mpaka Novemba 1317. Mimba ya miaka mitatu! Wanasheria wa mfalme walikuwa na subira, au walikuwa na sababu zao za kutoharakisha.

Wanaoilaumu sheria hawakosi hoja. Ukoo huu uliojengwa tangu uvamizi wa Wanormani mwaka 1066, ukatoa wawili kati ya mabwana 25 wa kusimamia Magna Carta, hati iliyoyabana mamlaka ya mfalme, mwaka 1215, ulisambaratishwa kwa hati za mgawo. Jeraha kubwa lilikuwa Wales. Ngome ya Caerphilly, iliyoanza kujengwa mwaka 1268, ilikuwa ya kulinda himaya moja. Sasa Glamorgan ikaenda kwa Eleanor, Newport kwa Margaret, Usk kwa Elizabeth. Majirani watatu, mpaka kwa mpaka, na kila mmoja ana mume mwenye tamaa.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Mume wa Eleanor alikuwa Hugh Despenser, kipenzi cha Mfalme Edward II. Hakuridhika na theluthi ya mkewe. Kwanza akamnyang'anya Newport mume wa Margaret. Mwaka 1321 mabwana wa mipakani mwa Wales wakaichoma na kuipora ardhi yake, naye akafukuzwa nchini, ila mfalme akamrudisha na maadui wakashindwa. Elizabeth, ambaye mumewe alikufa katika uasi huo, akazuiliwa na kulazimishwa kuitoa Usk apewe Gower, eneo la thamani ndogo zaidi. Kisha ikatungwa kesi, Gower nayo ikamtoka, ikaishia mikononi mwa shemeji yuleyule. Hakuna kifungu cha sheria ya mirathi kilichoagiza hayo.

Tena wanaotamani mali ingebaki nzima wajiulize ingebaki kwa nani. Kama mabinti nao wangerithi kwa ukubwa, Eleanor ndiye aliyekuwa mkubwa, na Despenser angeyapata yote bila kutoka jasho.

Hata hivyo, usawa wenyewe siusifu kupita kiasi. Mwaka 1290 Gilbert baba mtu alipomwoa Joan, binti wa Mfalme Edward I, aliikabidhi ardhi kwa mfalme kisha akairudishiwa kwa sharti la kurithiwa na uzao wa Joan. Kwa hiyo Isabel, binti wa mke wa kwanza, alikuwa hai wakati wa mgawo na hakuambulia kitu. Na fungu la mwanamke aliyeolewa lilishikwa na mumewe.

Ndiyo maana Elizabeth ananivutia kuliko wote. Kabla ya kutimiza miaka 27 alikuwa amefiwa na waume watatu, na hakuolewa tena. Despenser aliponyongwa Hereford mwaka 1326, Elizabeth aliipata tena Usk, akaendesha mali yake mwenyewe hadi kifo chake mwaka 1360. Mwaka 1338 alikibeba chuo kilichokuwa kikiyumba kifedha pale Cambridge, akakipa ardhi na baadaye kanuni. Hicho ndicho Chuo cha Clare cha leo. Jina ambalo theluthi mbili nyingine zililipoteza katika koo za waume, theluthi yake ikalihifadhi, ingawa ilibidi kwanza awe mjane.

Eleanor naye anahusishwa na vioo vya rangi vya abasia (kanisa la watawa) ya Tewkesbury. Humo mashujaa wa de Clare wamevaa deraya, na Despenser amesimama nao kama ndugu.