Kanisa kuwa laivu ni sawa, ila meseji nani anajibu?

Hili suala la kurusha ibada laivu limeshafika kwenye mabaraza ya wazee karibu kila mahali, sio Dar peke yake, hata sharika za wilayani unakuta vijana wameleta bajeti ya kamera na wazee wamegawanyika pande mbili, wengine wanasema tukichelewa vijana wanaondoka, wengine wanasema tukianza tu hivyo watu watabaki nyumbani na madhabahu itageuka jukwaa. Nimezisikiliza pande zote na kila upande una hoja ya kweli kabisa. Ila naona tunagombania kamera wakati pengo kubwa la kanisa mtandaoni liko sehemu nyingine ambayo haiko hata kwenye ajenda.

Tuanze na wanaotaka tuingie kwa nguvu zote. Corona iliwapa hawa hoja ambayo mpaka leo ni ngumu kuipinga. Machi 2020 Kenya walisimamisha ibada za mikusanyiko nchi nzima, sisi huku Tanzania makanisa yalibaki wazi na nadhani ndio maana wengi wetu hatukusukumwa kujifunza kama wenzetu. Na hata Kenya walivyoanza kufungua Julai mwaka huohuo, masharti yalikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, halafu wenye chini ya miaka 13 na waliozidi 58 wasije kabisa. Sasa mtu wa miaka 60 na kitu kwenye makanisa yetu ni nani? Ndio mama wa umoja wa wanawake, ndio mzee wa kanisa, ndio anayejua nyimbo zote bila kitabu. Huyo ndio aliambiwa abaki nyumbani, na kanisa lisilokuwa na njia ya kumfikia lilimuacha peke yake na redio yake.

Na tuache corona. Kuna nesi ambaye Jumapili yuko wodini, kuna mlinzi, kuna dereva wa lori la mizigo, kuna mgonjwa aliyelala ndani mwaka wa pili, kuna mabinti wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za ndani Saudia ambako hakuna kanisa hata moja la wazi, huyo ibada ya Kiswahili kwenye simu sio anasa, ndio ibada pekee aliyonayo. Ukimwambia aje kanisani unamwambia nini?

Halafu wanakumbusha kitu cha maana, kwamba kanisa halijawahi kuogopa chombo. Paulo anawaandikia Wakolosai anawaambia barua hii mkishaisoma hakikisheni inasomwa na Laodikia pia. Walutheri wana Sauti ya Injili pale Moshi, Wakatoliki wana Radio Maria Tanzania tangu 1996, na parokia hazijafa kwa sababu watu wanasikiliza rozari redioni, tena kuna watu wamerudi kanisani kupitia hizohizo redio.

Sasa upande wa pili. Hapa watu huwa wanawachukulia wazee kama wameachwa na wakati na sio haki. Mstari wao ni ule wa Waebrania 10:25, "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine", na sio mstari tu. Chakula cha Bwana hakipiti kwenye simu. Ubatizo haupiti kwenye simu. Papa Francis mwenyewe, ambaye misa yake ya asubuhi ilikuwa inarushwa duniani kote kipindi kile cha corona, Aprili 2020 alitahadharisha palepale kwenye mahubiri kwamba hii ni hali ya dharura, kanisa lenyewe ni watu pamoja na sakramenti. Na Yohana kwenye waraka wake wa pili anamalizia kwa kusema ana mengi ya kuandika ila hataki kutumia karatasi na wino, anatarajia kuja waongee uso kwa uso ili furaha iwe timilifu. Yaani mwandishi mwenyewe anatumia chombo na bado anajua kikomo chake, hiyo ndio akili ninayoitamani kwenye huu mjadala.

Ila hofu yao kubwa zaidi mimi naiona kwenye maombezi, na hapa nipo na wazee moja kwa moja. Binti anaombewa mbele, anaanguka, analia, kanga inateleza, anasema mambo ya nyumbani kwao ambayo hata mama yake hayajui, na kamera iko juu yake dakika nzima. Jioni klipu iko TikTok na kichwa cha habari kikubwa, Jumatatu huyo binti anatakiwa kwenda shule. Hajaulizwa na mtu. Redio haikuwahi kufanya hivi, redio haikuwa na jicho kwenye mabenchi, kwahiyo wanaosema mtandao ni redio mpya tu wanaruka kitu kikubwa.

Na sio kamera tu, angalia grupu la WhatsApp la jumuiya. "Wapendwa tumuombee dada yetu fulani wa mtaa fulani, amelazwa, vipimo vimeonyesha..." na ugonjwa unatajwa, watu 200 humo, nusu yao hata hawamjui, na meseji inaforwadiwa. Nia ni nzuri kabisa, watu wanataka kumbeba mwenzao kwa maombi, lakini ugonjwa wa mtu ni wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo imeanza kutumika Mei 2023 inaweka afya na imani ya dini kwenye taarifa nyeti, na kanisa linashika zote mbili kila siku kuliko taasisi nyingi. Inatosha kuandika "tumuombee dada yetu anaumwa", Mungu anajua hayo mengine, na kama mwenyewe anataka yasemwe basi atoe ruhusa.

Sasa kwa nini nasema pengo liko sehemu nyingine.

Chukua mtu aliyehamia Dodoma kikazi wiki hii, hana ndugu, anatafuta pa kusali. Anaingia Facebook anakuta ukurasa wa usharika, posti ya mwisho ni Pasaka ya miaka mitatu nyuma. Chini kuna bango, picha ya mhubiri imejaza bango zima, maandishi ya dhahabu, "SEMINA KUBWA JUMAPILI HII, WOTE MNAKARIBISHWA", hakuna tarehe, hakuna mwaka, hakuna mtaa, saa ya kuanza iko kwenye kona kwa herufi ndogo. Ibada ya kwanza ni saa moja au saa mbili? Hapati. Anaandika meseji, "Bwana asifiwe, naomba kujua muda wa ibada". Kimya. Anapiga namba iliyopo, ni ya katibu wa zamani ambaye ameshahama. Kwenye chaneli ya YouTube ya kanisa hilohilo kuna ibada laivu kila wiki, na kwenye komenti mtu ameandika niombeeni ndoa yangu inavunjika, chini yake kuna amina za watu wengine tu, kanisa lenyewe halijasema neno.

Hapo ndipo tunapokosea, tunarusha bila kupokea. Tunahesabu watazamaji na kuripoti kwenye kikao kwamba laivu ilitazamwa na watu 1,000 wakati hatujui hata mmoja wao ni nani wala alikuwa anatafuta nini. Kazi ya kujibu tumemuachia kijana wa kamera kwa sababu ndiye mwenye paswedi, kijana mzuri, anajitolea, lakini siku mtu akiandika saa sita usiku kwamba amechoka kuishi, yule kijana hana mafunzo hayo na sio haki kumuacha na huo mzigo. Anayejibu anatakiwa awe mwinjilisti au parishi woka, yaani mhudumu anayemsaidia mchungaji usharikani, au mtu mzima aliyeteuliwa na mchungaji, anajua wakati wa kuomba na mtu na wakati wa kumwambia twende hospitali, na anajua kunyamaza.

Kuhusu ubora wa laivu wenyewe nitapita haraka. Sauti kwanza. Makanisa mengi simu iko kwenye stendi katikati ya watu inanasa mwangwi wa spika, na waya mmoja kutoka kwenye mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki, ungemaliza tatizo, kabla hamjawaza kamera ya pili. Na mfikirie bando, video ya saa moja inakula mamia ya MB, sauti tupu ya saa hiyohiyo ikibanwa vizuri haifiki MB 30. Bibi kijijini atasikiliza mahubiri ya sauti WhatsApp mpaka mwisho, video haitafunguka. Matangazo pia yaandikwe kama meseji ya kawaida, sio PDF ya kurasa nne ambayo kwenye simu ndogo unaivuta kulia kushoto kutafuta ndoa zitafungwa saa ngapi.

Sadaka nayo ina pande mbili. Lipa namba imesaidia sana, waliopo nje na wagonjwa wanashiriki, sioni ubaya wowote. Ubaya ni ikikaa kwenye skrini mwanzo mpaka mwisho, mgeni anayefungua kwa mara ya kwanza anachokutana nacho ni kuombwa hela kabla hajasikia Injili. Halafu matapeli, wanafungua akaunti kwa picha ya mchungaji na kuomba "mbegu", yaani sadaka ya kupandia baraka, inboksi. Kanisa liwe na namba moja, jina linalotokea wakati wa kulipa liwe la kanisa na sio la mtu, na itangazwe madhabahuni ili kila muumini aijue.

Kwahiyo kwenye ule ugomvi wa baraza, mimi ningesema rusheni masomo, mahubiri na kwaya, kamera izimwe kwenye maombezi na Chakula cha Bwana, watoto wa Sunday school wasionyeshwe sura bila wazazi kukubali. Vijana hawatafurahi, maombezi ndio yanaleta watazamaji wengi, najua. Bado izimwe. Na kama hela ya mwaka huu inatosha kitu kimoja tu, nunueni simu ya kanisa na laini iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, wekeni watu wawili wa kuishika kwa zamu na bando wapewe, namba hiyo iandikwe kila ukurasa pamoja na saa za ibada, kamera ije mwakani.