Miaka Saba Tu?

Watu wa Marekani wanadekezwa. Nasema hivi baada ya shemegi yangu, kaka wa mke wangu, kuniamsha usiku wa manane (kwao mchana, na mtu wa Marekani haangalii saa ya mwenziwe) kunililia kwamba amenyimwa mkopo wa gari. Ripoti yake ya mkopo imechafuka.

"Imechafuka na nini?"

"Nilichelewa kulipa kadi."

Nikajiona nimekatishwa usingizi kwa upuuzi. Kuchelewa kulipa nayo ni habari? Basi hapa Jang'ombe kila nyumba ingekuwa na gazeti lake.

Akanieleza. Kuna kampuni tatu huko, Equifax, Experian na TransUnion, kazi yao kumwandika kila mtu: kakopa wapi, kiasi gani, analipa lini. Ukichelewa siku mbili tatu, aliyekukopesha anakutoza faini, mambo yanabaki baina yenu. Zikitimia siku 30, unaandikwa. 60, unaandikwa tena. 90, vivyo hivyo, na kila hatua doa linazidi kukolea. Halafu kuna alama, kuanzia 300 hadi 850, na kwa hesabu ya FICO, kampuni inayotunga hizo alama, asilimia 35 ya alama hizo zinatokana na ulivyokuwa ukilipa. Aliyekuwa juu ndiye anayeporomoka zaidi. Hapo nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, maana shemegi kila sikukuu alikuwa akitutajia alama zake kama matokeo ya mwanawe ya kidato cha nne.

"Na doa linakaa miaka saba," akasema kwa sauti ya msiba. "Hata nikilipa leo, linabaki."

"Halafu?"

"Halafu linaondoshwa. Ndiyo sheria."

Nikakaa kitako kitandani. Linaondoshwa! Wenzetu wana sheria kabisa, ya mwaka 1970, inayowakataza hao waandishi kuendelea kukutangaza! Na yeye bado analia!

Hebu nitajieni mtu mmoja katika Unguja hii anayesahau deni kwa miaka saba. Mpemba wa duka la pembeni ana daftari, na ukurasa wangu ameutia gundi ya karatasi usichanike. "Mchele wa mapembe kilo mbili, boflo, sabuni, sukari nusu, Ramadhani." Ramadhani ya mwaka gani? Haikuandikwa. Nikamwambia, yakhe, deni lisilo na mwaka hilo batili. Akanijibu kwa upole, "Mwaka mie naujua." Na hadai kwa makelele, ana adabu zake. Mwanangu akienda kununua pipi, humwambia tu, "Msalimie baba." Mtaa mzima unajua salamu za Mpemba zina maana gani. Siku hizi mwanangu akirudi dukani hata mke wangu huuliza, "Umesalimiwa?"

Barazani ndiko balaa zaidi. Pale hakuna kungoja siku 30. Ukikopa asubuhi, baada ya sala ya laasiri kahawa inanywewa juu ya deni lako. Na alama zao hazifiki 850, ziko mbili tu: "mtu mzuri" na "mtu mzuri, lakini". Mie niko kwenye "lakini" tangu sijaoa.

Wala usidhani kufa kutakuokoa. Jeneza lako liko mbele, watu wamesimama safu, anatoka mtu wa familia kutangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Huko Marekani kuna wakati karatasi inanyamaza. Huku unasomwa deni na wewe huna hata nafasi ya kujibu kwamba ile sukari ilikuwa na mchanga.

Kesho yake nikawapelekea barazani habari za kufilisika, maana hizo ndizo zilizonikosesha usingizi uliobaki. Sisi tukisema fulani kafilisika, tunajua dalali kashakuja na gari kubeba friji na kochi. Huko Marekani mtu anafilisika kwa hiari yake, anaingia mahakamani kwa miguu yake na wakili pembeni. Kuna Sura ya 7, ambapo mali isiyolindwa na sheria inauzwa na madeni mengi yanafutwa, na kuna Sura ya 13, unapangiwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu mpaka mitano.

"Sura ya saba ya kitabu gani?" akauliza mzee mmoja, kashaweka kikombe chini.

"Ya sheria yao, mzee."

"Ahaa. Endelea."

Sura ya 7 inakaa kwenye ripoti miaka kumi tangu siku ulipopeleka maombi. Ya 13, kwa kawaida saba. Na miaka ya mwanzo ndiyo michungu: nyumba ya kupanga wanaitazama ripoti, ukipata mkopo riba yake ya kukukomoa. Kadiri siku zinavyokwenda uzito unapungua. Madeni ya kadi na ya hospitali yanafutika, lakini matunzo ya watoto hayafutiki ng'o, wala mikopo ya masomo kwa kawaida.

Hapo kwenye matunzo baraza likapoa ghafla. Kuna watu wawili pale walikuwa washaanza kuuliza nauli ya Marekani.

Mie mwenyewe hizi ripoti nazijua kidogo, kwa sababu hata kwetu zimeshaingia. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na zipo kampuni zenye leseni yake zinazouza hizo ripoti kwa mabenki. Nilikwenda benki moja, siitaji, kuomba mkopo wa bajaji, maana ufundi wa mafriji una msimu wake, na kipindi cha masika watu wanakunywa maji ya mtungi. Binti wa pale, mwanangu kabisa kwa umri, akaitazama kompyuta, akanitazama mie, akairudia kompyuta. "Baba, una mkopo wa simu hukumaliza." Wa kiasi gani? Elfu ishirini! Elfu ishirini niliyokopa simuni kununulia gesi ya friji la mtu, na mwenye friji mpaka leo hajanilipa! Sasa mbona yeye haandikwi? Kompyuta ina jina langu, la mwenye friji haina. Hiyo ndiyo kanzidata?

Bora hata hao, wananinong'ona benki kwa benki. Kuna wale wa mikopo kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila idhini, na mie niliisoma orodha ile kwa furaha ya mtu aliyelipiziwa kisasi. Kuna moja iliwahi kuingia katika simu yangu, ikachukua majina yote, nilipochelewa kidogo ikawatumia watu ujumbe: mwambieni ndugu yenu alipe. Ulimfika imamu. Ulimfika muuza pweza. Ulimfika mama mkwe, naye akawajibu: "Mkimpata nijulisheni, na mie namdai."

Sasa juzi shemegi kapiga tena, safari hii halii wala hajioni mnyonge. Kajipanga. Anataka kumaliza kadi zake, anakusanya fedha zake zilizoko kwa watu. "Shemegi, ile laki tatu niliyokutumia wakati wa harusi."

Nikacheka. Nilikuwa nimejiandaa. "Shemegi, mtoto wetu wa kwanza yuko darasa la tatu. Miaka saba ishapita. Sheria ya kwenu hiyo hiyo."

"Ripoti ndiyo inayosahau," akasema. "Deni lenyewe halifutwi na ripoti. Mwenye chake bado anadai. Na mie nadai."

Nikamwambia basi nitafilisika, nitachukua ile Sura ya 7, anipeleke atakako. Sikujua kumbe simu niliiweka spika na mke wangu yuko mlangoni na ungo wa mchele.

"Kaka, mwache afilisike," akasema huku anapepeta. "Ila muulize kwanza, mahari yangu iliyobaki inaingia katika sura ipi?"