Kabla hujasubiri, uliza nani anamsubiri nani

Mi nipo steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, natoa kopi, naskani vyeti, natumia watu maombi ya kazi, na kazi ambayo haijaandikwa kwenye bango ni kuwasomea watu imeeli za Kiingereza. Huku kwetu matangazo ya kazi za mashirika hayaishi kwa sababu ya wakimbizi, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996, kwa hiyo vijana wanaomba sana na majibu yanakuja kwa Kizungu. Sasa nilichokiona, neno lolote la Kiingereza lenye harufu ya kuchelewa sisi tunalimwaga kwenye ndoo moja, "umeambiwa usubiri". Basi. Mtu anapanda hiace anarudi Kasulu kusubiri.

Hapo ndo napoteza uvumilivu, maana kuna wakati hujaambiwa usubiri kabisa. Chukua "awaiting". Wakikuandikia "awaiting your certificates" ina maana wao ndo wanakusubiri wewe, ulete vyeti, lakini mtu kashaona wait humo ndani akatulia zake nyumbani, na ofisi nayo imetulia, mnangojana hivyohivyo mpaka dirisha linafungwa na anayeumia ni mwenye shida. Angalia kinachofuata baada ya hilo neno. Kama kuna "your", mpira uko kwako, inuka. Kama ni "awaiting approval" hapo sawa, ni mambo ya mabosi wao, kanywe chai. "Wait" ya kawaida kwanza haisumbui hivyo, tumeizoea toka shule ya msingi na inatembea na "for" yake, ila "await" haitaki "for" na inapenda barua rasmi, kwa hiyo wengi wanakutana nayo mara ya kwanza siku ambayo ajira iko mezani.

Alafu kuna "pending" na "on hold", hizi watu wanazichanganya balaa. Pending ni kwamba hakuna aliyeamua bado, jambo lako linaning'inia tu, na kuning'inia ndo maana ya lile neno la Kilatini lilikotoka. Mara nyingi huna cha kufanya. On hold ni tofauti, kuna mtu kalishika akalisimamisha kwa makusudi, na aliyesimamisha ana sababu, labda kopi ya kitambulisho haisomeki, labda malipo hayajaonekana, sasa wewe ukikaa kimya unategemea nani atakuja kukuuliza? Piga simu. Ukijibiwa vibaya piga tena.

"Suspended" ni ndugu wa pending, wametoka kwenye kuning'inia kulekule, lakini yenyewe ni kitu kilichokuwa kinaendelea kikasimamishwa, na mlango wa kurudi umeachwa wazi. Nikitaka mtu aelewe haraka namwambia habari ya Liemba, meli yetu ya hapa Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 wasije wakaiacha mikononi mwa adui, ila kabla ya kuizamisha waliipaka mashine zake grisi, maana walikuwa na hesabu ya kuja kuiibua. Waingereza ndo wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 na jina jipya. Umeona ile grisi? Ile ndo suspended. Ingekuwa "cancelled", yaani imefutwa kabisa, nani angehangaika na grisi?

Kwenye safari huko ni rahisi kidogo. Treni ikiwa "delayed" usiondoke stesheni, inakuja, hata kama mvua imekula tuta la reli huko mbele. Ikiwa "postponed" kuna mtu kaamua iende siku nyingine, rudi nyumbani ukalale. Cancelled, dai nauli yako.

Na asije mtu hapa akasema Kiswahili ni maskini. Kuahirisha, kusitisha, kukawia, kulimatia, kukwama, kuzuiliwa, vyote tunavyo, uvivu ni wetu sisi wasomaji wa imeeli tunaotaka mteja aondoke haraka foleni isogee. Ningekuwa na uwezo hata ningewaambia hayo mashirika, mnaajiri watu wa Kibondo na Kasulu, mnashindwaje kuweka mstari mmoja wa Kiswahili pale chini? Mmoja tu, useme nani anatakiwa kufanya nini.

Wenye Kiingereza chao nao msidhani ni watu wa saa kali sana. "Soon" kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa papo hapo, "presently" iliyokuja baadaye nayo ilianza hivyohivyo, zikachakaa kidogo kidogo kwa sababu binadamu akisema sasa hivi haji sasa hivi. Kwa hiyo yule jamaa wa "niko njiani" na maji ya kuoga hata hayajapoa hajavumbua kitu. Ukikuta "shortly" unaweza kukaa na simu karibu. Ukikuta "in due course", hiyo ni namna ya kistaarabu ya kukwambia tutaona, usitusumbue, na mi nikiisoma huwa nawaambia watu waziwazi waendelee kuomba kwingine. "Until further notice" haina tarehe kabisa, usiipangie bajeti, usimuahidi mwenye nyumba kitu.

Imebaki "overdue". Hiyo sijawahi kuulizwa na mtu yeyote, watu wa mikopo ya simu wameshaifundisha nchi nzima.