Historia ya Meyer Werft: tuiamini familia au makabrasha?

MV Liemba, meli iliyobeba watu na mizigo ya Ziwa Tanganyika vizazi kwa vizazi, iliundwa mwaka 1913 mjini Papenburg, kaskazini magharibi mwa Ujerumani. Walioiunda ni Meyer Werft, kampuni iliyokuwa mikononi mwa familia ya Meyer hadi mwaka 2024, na inayohesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1795. Atakayechimba historia ya miaka yake ya mwanzo atakumbana mapema na swali la nani aaminiwe: familia yenyewe, au makabrasha, yaani karatasi zilizoachwa na watu wengine?

Familia ina hoja. Mwasisi wao, Willm Rolf Meyer, aliunda vyombo vya mbao katika mji wa mifereji uliozaliwa kutokana na vinamasi. Kazi ya namna hiyo haiachi karatasi nyingi. Aliyewahi kukaa na mafundi wa majahazi Lamu au Nungwi anajua kwamba fundi anaweza kuweka mkuku, akapanga mataruma na kumaliza chombo kizima bila mchoro hata mmoja. Kinachobaki ni alichomwambia mwanawe. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini mtoto fulani aliachiwa karakana na mwingine akaenda zake, huna pa kuuliza ila nyumbani.

Lakini familia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiuza meli, na mwaka 1795 unapendeza kwenye tangazo. Kuna jambo zito zaidi. Katika karne ya 19 Papenburg ilikuwa na karakana za meli zaidi ya 20. Aliyebaki ni Meyer peke yake. Maana yake historia ya mji mzima tunasimuliwa na aliyenusurika. Walioanguka hawana ofisi, hawana sherehe za miaka 100, hawana wa kuwatunzia picha. Ukiuliza Meyer alinusurikaje, jibu la kawaida ni kwamba mwaka 1872 Joseph Lambert Meyer aligeukia chuma wakati wenzake waking'ang'ania mbao. Jibu lina mantiki, nami sidhani ni uongo. Ila ni jibu ambalo shujaa wake ni mtu wa ukoo, na hapo mtafiti anapaswa kuwa mbishi kidogo. Fedha za mashine zilitoka wapi? Mafundi wa chuma walitoka wapi? Wangapi walijaribu chuma wakafilisika? Hayo hayaulizwi kwa wajukuu wa mshindi. Yanatafutwa kwenye daftari za ardhi, mafaili ya mahakama na rejesta za meli.

Hata mwaka wa mwanzo wenyewe unabishaniwa kihalali. Kwangu mimi, 1795 ni mwaka wa ukoo, na 1872 ni mwaka wa kampuni tunayoijua. Yote miwili iandikwe, mradi msomaji aambiwe kinachohesabiwa.

Makabrasha nayo si malaika. Meli yetu ilipoundwa iliitwa Goetzen, kwa jina la Gustav Adolf von Götzen, gavana wa koloni la Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, yule wa enzi za Majimaji. Iliunganishwa kwanza Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Mafundi wa Meyer waliotumwa kuiunganisha upya walikuwa watatu, wakiongozwa na Anton Rüter, na ikashushwa ziwani Februari 1915. Majina ya hao watatu yanajulikana. Waliobeba makasha na kugonga ribiti kwenye joto la Kigoma wanatajwa kwa jumla tu: vibarua. Hapa lawama haiiangukii familia peke yake, maana serikali ya kikoloni nayo iliwaandika watu hao kama nguvukazi. Anayeikimbia familia akakimbilia makabrasha ya dola amebadilisha upendeleo, hajauondoa.

Kuna shahidi wa tatu, meli yenyewe. Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916, baada ya kupaka injini grisi ili siku moja zifae tena. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Bodi lililovumilia hayo linasema mengi zaidi juu ya ufundi wa Papenburg kuliko kijitabu chochote cha kampuni. Ila lisiulizwe kila kitu: injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli.

Mimi ningeanza nje. Ukifika kwa familia mikono mitupu utapewa hadithi iliyokwisha kunyooshwa. Ukifika na tarehe za daftari la ardhi mkononi, mzee wa ukoo atakumbuka mambo ambayo hakukusudia kuyasema. Na hili lina haraka, kwani mwaka 2024 serikali kuu ya Ujerumani na jimbo la Niedersachsen zilichukua takriban asilimia 80 ya hisa ili kuiokoa kampuni. Hisa zikihama, makabati nayo huweza kuhama, na si kila meneja mpya anajua thamani ya daftari kuukuu la mbao. Kuhusu vibarua wa Kigoma, Papenburg si mahali pa kuanzia. Mafaili ya Kijerumani yaliyobaki huku yako Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na anayeyasoma awe anajua Kijerumani cha mwandiko wa zamani.