Uvimbe wa ubongo: jina litoke kwa darubini au kwa jeni?

Mjomba wangu wa Majengo alipotolewa uvimbe kichwani, ripoti ilirudi imeandikwa astrositoma, aina moja ya uvimbe wa ubongo, gredi 2, nyumbani tukapumua, maana gredi zinapanda mpaka 4 na hiyo 2 tuliiona ndogo. Miezi mitano baadaye uvimbe umerudi na nguvu zote, na daktari mwengine akauliza swali moja tu, "IDH ilipimwa?" Hakuna aliyejua IDH ni kitu gani.

Sasa nimeshajua, ni jeni inayopimwa kwenye uvimbe. Tangu 1926, Bailey na Cushing walipopanga aina za glioma, yaani uvimbe unaoanzia kwenye seli saidizi za ubongo, kule Marekani, jina la uvimbe limekuwa likitokana na sura: nyama inakatwa nyembamba, inatiwa rangi ya waridi na zambarau, mtu anaiangalia kwa darubini. 2016 Shirika la Afya Duniani likaingiza jeni kwenye jina lenyewe, 2021 likazidisha. Siku hizi kwa mtu mzima, ikiwa jeni ya IDH haijabadilika na kuna alama kwenye jeni nyingine kama TERT au EGFR, huo ni glioblastoma, glioma kali kabisa, gredi 4 hata kama kwa darubini umetulia. Na tofauti si ya maneno, manake wa glioblastoma wengi hata wakitibiwa wanapata kama mwaka na miezi kidogo, na wa gredi 2 mwenye IDH iliyobadilika anaweza kupita miaka kumi.

Lakini wanaosema haya mambo hayatufai sisi huku nao wana hoja. Vipimo ni ghali, sampuli inatoka Mombasa kwenda Nairobi, unangoja wiki na wiki huku watu wanachangishana kwa wasap, na mwisho wa siku matibabu mara nyingi ni yaleyale, upasuaji, mionzi na dawa ya saratani iitwayo temozolomide. Tena nyama ikiwa imekufa, jeni hazisomeki vizuri. Hata hao WHO wenyewe wanakubali kwamba mgonjwa wa miaka 55 kwenda juu, uvimbe una sura kamili ya glioblastoma na rangi ya IDH1, ile inayoshika nyama yenye badiliko la IDH lililo la kawaida zaidi, haikushika, kwa kawaida hapana haja ya kusoma jeni zaidi.

Hapo kwa rangi ndipo mimi niliposimama. Kipimo cha rangi ya IDH1 kinafanywa kwa nyama ileile, bei haifiki ya kusoma jeni, na kwa glioma kinakamata kama asilimia 90 ya mabadiliko ya IDH. Kiwe cha kwanza kwa kila mtu. Kijana ambaye nyama yake haikushika rangi, huyo ndiye wa kuchangiwa pesa za jeni. Na kama hakuna kilichopimwa basi ripoti iseme, kuna herufi tatu za kazi hiyo, NOS (kwa Kiingereza "not otherwise specified"), yaani tumeishia kwa sura. Lau zingekuwa kwa ile ya mjomba tusingekaa miezi mitano tumetulia vile, na hili ndilo linaloniuma.

Bloku yake tuliipata hospitali baada ya kwenda mara tatu. Ni kijisanduku cha plastiki, nta nyeupe, ndani kinyama kama punje ya mchele uliovunjika. Nilipanda nacho basi la usiku Mwembe Tayari, bahasha mapajani mpaka Nairobi. Majibu yalitoka mjomba ashaanza mionzi: IDH haijabadilika, alama ya TERT ipo, gredi 4.