Raundeli Ikivunjika: Utafute Kioo au Uweke Jeli?

Panda ngazi kwenye jukwaa la shule ya sekondari ya Marekani iliyojengwa miaka ya 1950 au 1960, na huenda ukakutana na boksi refu la bati linaloning'inia toka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine. Ndani balbu zimepangwa safu moja, kila moja na chumba chake, na mdomoni mwa kila chumba pana kioo cha duara chenye rangi: chekundu, cha bluu, cha kijani, pengine na cha kaharabu, halafu zamu inaanza upya. Kioo hicho mafundi hukiita raundeli. Ubavuni utasoma jina la mtengenezaji: Kliegl, Century, Altman au Hub. Na mara nyingi utakuta pengo: chumba kimoja hakina kioo na mwanga unatoka mweupe, au mtu alishaziba kwa kipande cha plastiki ambacho kimeshajikunja kwa joto.

Hapo ndipo mafundi wanapogawanyika. Kundi moja linasema kioo kitafutwe hata kwa miezi. Jingine linacheka: weka jeli, au ng'oa boksi lote ufunge taa za LED, maisha yaendelee.

Wanaotetea jeli wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Jeli ni karatasi ya rangi inayowekwa mbele ya taa. Jina limebaki tangu ilipotengenezwa kwa gelatini kweli, iliyokauka ikapasuka na kulowa ikaharibika. Siku hizi ni poliesta au polikabonati. Rosco, iliyoanza New York mwaka 1910, na Lee ya Uingereza zinauza rangi nyingi mno, wakati raundeli zina rangi chache tu. Mwanafunzi anaikata kwa mkasi. Ukitaka alfajiri ya waridi leo na usiku wa zumaridi kesho, jeli itakupa. Kioo kitakupa kilekile cha mwaka 1958. Isitoshe, kioo kinaning'inia juu ya vichwa vya watoto. Boksi nyingi zina wavu wa waya wa kudaka vipande, lakini wavu huo nao hupotea.

Udhaifu wa jeli uko kwenye rangi nzito. Bluu ya kukoza hupitisha sehemu ndogo sana ya mwanga wa balbu. Kinachobaki karatasi inakimeza na kugeuka joto. Baada ya saa kadhaa za mikutano ya shule, katikati panapauka, kisha panatoboka. Kila karatasi mpya ni safari nyingine ya ngazi, na vyumba vya taa huko juu vinaweza kufika makumi. Wanaopiga hesabu ya jeli kwa bei ya dukani wanasahau mguu wa fundi.

Kioo hakipauki, kwa sababu rangi yake haikupakwa juu, imo ndani ya kioo chenyewe. Bluu inatokana na kobalti. Wekundu mzuri wa raundeli hutokana na kadimi, metali yenye sumu, na seleni, na tabia yake ni ya ajabu: kioo kikitoka kwenye tanuru kwa mara ya kwanza huwa hakina rangi yoyote ya maana, au ni cha manjano tu. Hupashwa moto tena taratibu, ndipo wekundu unapojitokeza. Mwandishi wa makala hii hajachoka kuistaajabia habari hiyo. Lakini ndiyo pia inayomtesa mtafutaji wa vioo: kiasi cha moto na unene wa kioo vikitofautiana kidogo, vioo vyekundu viwili vya mikupuo tofauti havitafanana. Ukinunua kimoja kuziba pengo, wekundu wa jukwaa utakuwa na kiraka.

Basi vinapatikana wapi? Kliegl, iliyoanzishwa mwaka 1896, haipo tena. Kopp Glass, kiwanda cha Swissvale karibu na Pittsburgh kilichoanzishwa mwaka 1926, kilijijengea jina kwa vioo vya ishara za reli na vya viwanja vya ndege, na raundeli zenye jina hilo bado zinazunguka sokoni. Nyingine hutoka kwenye kumbi zinazobomolewa. Pima kabla ya kununua: inchi 5¾ ni kipimo cha kawaida kwa boksi za balbu za wati 150, ila si cha pekee. Tazama pia kama kioo ni laini au kina mifereji ya kutawanya mwanga, na mifereji inaelekea upande gani. Kisibane kwenye fremu, maana kioo chenye rangi nzito kinanyonya joto na kinahitaji nafasi ya kutanuka.

Kuna njia ya mkato inayosifiwa sana: kununua bamba la kioo cha madirisha ya kanisa na kulikata duara. Yeyote aliyelelewa na taa ya chemli anajua mwisho wake. Chupa ikiwa ya moto, tone moja la mvua linaipasua. Kioo cha dirisha hakikutengenezwa kwa balbu ya wati 150 iliyo inchi chache nyuma yake; katikati panachemka huku ukingo umebaki baridi, na kinapasuka hata bila tone. Hata hilo bamba lenyewe halitengenezwi kirahisi kama zamani. Mwaka 2016, mjini Portland, Oregon, utafiti wa kuvumwani, vimea vinavyoota kwenye magome ya miti, ulifichua kadimi hewani karibu na kiwanda cha vioo vya sanaa, na jimbo likabana masharti ya viwanda vya vioo vya rangi. Ulaya nako sheria inabana kadimi kwenye vifaa vya umeme, ingawa imeacha mlango wazi kwa vioo vya kuchuja mwanga. Kwa hiyo anayedai kioo kwa jina la uhalisia anadai pia kadimi itumike mahali fulani. Watetezi wa kioo hulipita jambo hili kimyakimya.

Ila kosa kubwa zaidi linafanywa baada ya kioo kupatikana. Fundi anahangaika mwaka mzima, anakamilisha safu, kisha kwa kubana matumizi anafunga balbu nyeupe za LED nyuma yake. Kioo chekundu kinazuia karibu kila kitu isipokuwa wekundu, na balbu nyeupe ya LED, ambayo kwa kawaida ni chipu ya bluu iliyofunikwa unga wa manjano, ina wekundu haba. Matokeo yake wekundu unafifia na bluu inachoma macho. Balbu ya waya ni kinyume chake: tajiri wa wekundu, maskini wa bluu, na ukiipunguza kwa dima inazidi kuwa nyekundu. Rangi ile ya jukwaa la zamani ilikuwa ndoa ya kioo na waya unaowaka. Ukibadili balbu na kubakiza kioo, umehifadhi boksi, rangi imekwenda. Bora basi LED zenye chipu za rangi, bila kioo kabisa. Angalau huo ni uamuzi unaojijua.

Kwa hiyo mimi ningeanza na swali la nani anaiona taa. Tampa Theatre ya mwaka 1926, kazi ya John Eberson, ilijengwa ili dari lionekane kama anga ya usiku juu ya ua wa Mediterania. Kwenye kumbi za namna hiyo mwanga wa rangi ni sehemu ya jengo, sawa na plasta. Miongozo ya serikali ya Marekani kuhusu majengo ya kihistoria inasema kilichoharibika kitengenezwe kabla ya kufikiria kubadilishwa, na kikibadilishwa kifanane na cha zamani kwa umbo na rangi, ikiwezekana hata kwa malighafi yenyewe. Hapo kioo kitafutwe, na balbu za waya ziwekwe akiba zikiwa bado zinapatikana. Jukwaa la shule ambalo boksi limefichwa nyuma ya pazia na kazi yake ni kumulika igizo la mwisho wa mwaka halina deni hilo.

Kabla ya yote, fundi umeme akague nyaya. Taa nyingi za umri huo zimefungwa nyaya zenye asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na kuzichokoa ili kuokoa kioo ni upumbavu.

Kama nyaya ni salama na fedha hazitoshi, ukumbi wenye boksi tatu una njia ambayo wengi hawaifikirii. Shusha vioo vyote, vioshe, vipange juu ya shuka jeupe kwa rangi na kwa mkupuo. Vinavyofanana virudi kwenye boksi la mbele, lile linaloonekana na hadhira, hadi safu yake ijae. La pili lipewe vilivyobaki vizima. La tatu, la nyuma kabisa, lifungwe fremu za jeli, na vioo vilivyozidi vifungwe kwenye magazeti na kutunzwa stoo, kila kimoja kikiwa na kipimo chake na rangi yake zimeandikwa juu.