Mwavuli wa simba haumfikii paka wa kilo mbili

Wahifadhi wengi wana hoja waliyoizoea mpaka hawaijadili tena: mlinde simba, chui milia au jagwa, na paka pori wadogo watapona humohumo. Mnyama mkubwa anahitaji eneo kubwa, na ukishalitenga kwa ajili yake, kila kiishicho ndani kimepata ulinzi wa bure. Ndiyo maana simba huitwa mwavuli.

Si hoja ya kubeza. Huko Sundarbans, misitu ya mikoko ya India na Bangladesh, chui milia na paka mvuvi wanaishi mahali pamoja, na jina la chui milia ndilo linaloipa mikoko hiyo watetezi. Margay, paka pori mdogo wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, mwenye vifundo vya miguu ya nyuma vinavyogeuka kiasi cha kumwezesha kushuka mti kichwa chini, hana maisha pasipo miti. Jagwa akiachiwa msitu, naye ameachiwa. Halafu kuna fedha. Mtalii hulipa kumwona simba. Nani atakesha nyikani akilipia kiumbe mdogo wa usiku ambaye pengine asimwone kabisa?

Tatizo ni kwamba hoja hii inamchukulia paka mdogo kana kwamba ni simba aliyepunguzwa kimo.

Mtazame paka miguu-nyeusi wa Afrika Kusini, Namibia na Botswana. Dume hufika kilo mbili na ushei, jike hazifikishi. Watafiti waliomfuata usiku kucha walikuta kwamba katika kila mawindo kumi anayojaribu, hupata sita hivi. Simba hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Hiyo asilimia 60 imesambaa mno, na imempa sifa ya kuwa paka hatari kuliko wote duniani. Mimi kila nikiikuta naisoma kinyume: naona njaa humo, ubabe siuoni. Mwili mdogo hupoteza joto upesi na hauna akiba. Kwa hiyo huyu hujaribu kuwinda karibu kila nusu saa, hutembea kilomita nyingi, huua panya na ndege wadogo kumi hadi kumi na wanne kwa usiku mmoja, na hula karibu sehemu ya sita ya uzito wake. Simba aliyeshiba nyati anaweza kulala siku kadhaa. Huyu akikosa usiku mmoja, wa pili anauanza na deni.

Ukiisoma hivyo, unaona pia kinachomuua. Mifugo ikimaliza nyasi, panya na ndege hupungua, na ile sita kwa kumi inashuka bila mtu kufyatua risasi. Sumu iliyotegewa bweha humfikia, na dawa ya nzige vilevile. Mchana hulala katika vichuguu vitupu au mashimo yaliyoachwa na kamendegere. Kamendegere wakiisha, amekosa nyumba. Hesabu ya simba haipimi hata kimoja cha hayo. Isitoshe, sehemu kubwa ya makazi yake ni malisho ya watu binafsi, ambako simba walishatoweka zamani.

Hata chini ya mwavuli wenyewe kuna meno. Chui na simba huua mondo, simbamangu na bweha huua paka miguu-nyeusi. Amerika ya Kusini, oseloti, paka pori wa kimo cha kati, wanapokuwa wengi, paka wadogo zaidi yao huwa haba.

Mfano ninaoupenda, labda kupita kiasi, ni wa Secunda, Afrika Kusini, penye kiwanda kikubwa cha kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa katika eneo hilo kuna mondo 76 hadi 101 kwa kila kilomita za mraba 100, msongamano mkubwa ajabu kwa mnyama huyu. Kuna ardhi oevu, nyasi ndefu, panya tele, na uzio unaozuia usumbufu. Mtu atasema hiyo ni bahati tu, tena kiwanda kinaweza kupanuliwa kesho. Kweli. Lakini mondo hao wameonyesha wanachohitaji, na simba hayumo.

Linksi wa Iberia naye hakufunikwa na mkubwa yeyote. Mwaka 2002 walihesabiwa 94. Mwaka 2023 walipita 2,000. Walirudi kwa sababu watu walishughulika na sungura, chakula chake kikuu kilichofagiwa na magonjwa mawili ya virusi, wakazalisha linksi vizuizini, wakapatana na wenye mashamba. Watetezi wa mwavuli wana jibu zuri hapa: linksi huyu hufika kilo kumi na zaidi, ana ndevu na vishungi masikioni, na amekuwa nyota wa Hispania na Ureno, akalipiwa na Umoja wa Ulaya. Paka kichwa-bapa wa vinamasi vya Borneo na Sumatra atalipiwa na nani? Swali hilo linanisumbua, na sidhani kumnyang'anya simba fungu lake ndilo jibu. Ninachopinga ni kuandika kwamba paka mdogo ameshalindwa kwa kuwa tu ramani ya simba imempitia juu.

Katika jimbo la Bengal Magharibi, India, paka mvuvi ni mnyama rasmi wa jimbo tangu 2012, na wengi wao huishi katika matete ya Howrah, kati ya vijiji na mabwawa ya samaki. Chui milia hayupo hapo. Yupo mwenye bwawa aliyeamka akakuta samaki wamepungua, na huyo ndiye wa kuzungumza naye kwanza.